Rola ya mpira imekatwa na ukingo umeachia: kiraka kitashika au ni kuivisha mpira upya?

Shafti_Mbili

Wakuu, salaam. Nina rola ya kuvuta bati kwenye laini ya kuoshea mafuta, na mpira wake umeumia. Uso wenye mpira una urefu wa 1,600 mm, kipenyo cha nje ni 250 mm na bomba la chuma lililo ndani ni 220 mm, yaani mpira una unene wa 15 mm. Karatasi yake inasema nitrili (mpira unaovumilia mafuta), Shore A 70, yaani kipimo cha ugumu wa mpira. Mwendo ni mdogo, hauzidi mita 60 kwa dakika. Bati hufika likiwa na mafuta mepesi, na maji ya alkali ya nyuzi 60 hivi huirukia rola upande wa mota.

Uharibifu ni wa aina tatu. Kuna mkato karibu na katikati, 120 mm kwa 40 mm, kina 8 mm. Umechimbwa na kona ya bati na chuma cha chini hakijaonekana. Kuna ukingo wa upande wa mota ulioinuka: bisibisi bapa inaingia kama 30 mm, kwa karibu robo ya mzunguko. Halafu kuna nyufa nyembamba kama nywele uso mzima, ambazo hata kucha hainasi.

Maoni ya karakana yamegawanyika. Wapo wanaotaka tumimine gundi ya papo hapo kwenye mkato na ukingoni, tufunge mkanda hadi kesho. Wengine wanataka kiraka baridi kama cha tairi. Rola ya akiba haipo. Kipi kitashika, na kwa hatua zipi? Na je, si rahisi zaidi kuusaga mpira wote hadi mkato upotee?

MsasaNamba40

Nianze na swali la mwisho maana ni fupi. Kuufuta mkato wa 8 mm kwa kusaga kunashusha kipenyo kutoka 250 hadi 234. Mota ikizunguka vilevile, mwendo wa uso unapungua kwa 6.4%, na rola itaanza kugombana na wenzake kwenye laini: bati litalegea huku na kukazwa mno kule. Tena utabakiwa na mpira wa 7 mm. Mpira mwembamba chini ya mzigo uleule hugusana na bati kwa eneo dogo zaidi, shinikizo linapanda, na gundi iliyoshika chuma ndiyo inayoumia. Kusaga ni dawa ya mikwaruzo ya nusu milimita au milimita moja, si ya shimo.

Gundi ya papo hapo hukauka ikawa kama kioo. Ukiiweka ndani ya kitu kinachobonyea kila mzunguko, inavunjika kandokando ya mstari wake. Inafaa kwa kijikato chembamba kisichobeba mzigo, basi. Ukingoni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inafungia mafuta na unyevu ndani, na atakayekuja kusafisha baadaye atakuta chuma kimepakwa ganda gumu. Kiraka cha tairi nacho kimetengenezwa kwa mpira asilia, ambao ukikutana na mafuta hufura na kulainika. Hiyo nitrili iliwekwa pale kwa sababu ya mafuta hayohayo.

Mimi mkato haunitishi. Ukingo ndio unaonitisha. Kabla hujanunua chochote, pima haya kisha urudi na majibu.

Gonga mpira wote kwa nyundo ndogo au mpini wa bisibisi, kila 50 mm, ukianzia ukingoni kwenda ndani. Paliposhika hutoa mlio mkavu wa kukaza. Palipoachia hutoa mlio mzito wa tupu. Chora mpaka kwa chaki. Bisibisi inakuonyesha mahali ilipofika yenyewe, haikuonyeshi mahali gundi ilipoishia kufa.

Pima ugumu kwa kipima cha Shore A, sehemu tano angalau: mbili karibu na kingo, tatu kati. Simamisha kifaa wima juu ya mgongo wa rola, bonyeza, soma baada ya muda uleule kila mara, rola ikiwa imepoa. Karatasi inasema 70, lakini hiyo ilikuwa siku inatoka kiwandani.

Hakikisha kwamba kweli ni nitrili. Kata kipande kidogo kutoka kwenye mkato, kipime kwa venia (kalipa ya kupimia unene), kitumbukize kwenye mafuta yenu ya bati kwa saa 24, kipime tena. Kikivimba waziwazi, si nitrili, na ushauri wote unabadilika. Kuna pia jaribio la waya wa shaba: upashe moto hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye mpira, urudishe motoni. Moto wa kijani maana yake kuna klorini, kama kwenye mpira wa neoprini. Ila usiamue kwa hilo peke yake, kwani kuna rola za nitrili iliyochanganywa na plastiki ya PVC, nazo hutoa kijani vilevile.

Mwisho, niambie upana wa bati pana kuliko yote mnayopitisha. Hilo ndilo litakaloamua habari ya ukingo.

Mizani_01

Huku ukisubiri vipimo, hivi ndivyo mkato wenyewe unavyozibwa kwa poliurethani ya kumimina, ile plastiki inayobonyea kama mpira, ya mikebe miwili ya kuchanganya.

Fungia umeme na uweke kufuli. Toa rola, iweke kwenye stendi za V ikalie shingo za shafti, isilalie mpira. Shimo lako tayari lina kingo zilizochanika, kwa hiyo lipanue hadi ufikie mpira mzima: tuseme liwe 140 mm kwa urefu wa rola na 60 mm kwa upande wa mzunguko, kina 9 mm. Tumia kisu kikali kilicholoweshwa maji safi, halafu ukaushe. Kona zote ziwe za mviringo, kwa sababu ufa huanzia kwenye kona ya mraba. Kuta ziteremke kwa nyuzi 45 hivi, lakini milimita mbili za juu zisimame wima. Ukiacha mteremko uishie juu kabisa, kiraka kitakuwa na mdomo mwembamba kama karatasi, na mdomo huo ndio wa kwanza kunyanyuka.

Kwaruza ndani kwa msasa wa 36 au 40. Ukitumia grenda iwe ya kupunguza mwendo. Mpira uliokwaruzwa vizuri una sura ya mahameli, hauakisi mwanga. Ukiona unang'aa au unanata umeuunguza, na juu ya mpira ulioungua gundi haishiki. Ondoa vumbi kwa brashi kavu na mashine ya kufyonza. Hewa ya kompresa iache, mara nyingi huja na mafuta na maji.

Futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa cheupe, ukibadilisha upande kila mpito. Viyeyushi vikali kama asetoni na MEK usivitumie kwenye nitrili, kwani vinaufurisha mpira na kubaki ndani yake. Subiri dakika 30.

Sasa hatua ambayo watu huiruka. Rola iliyokaa kwenye mafuta miaka hutoa jasho. Pasha shimo kwa hewa ya moto hadi nyuzi 50 au 60 kwa saa moja, kisha kandamiza karatasi nyeupe. Ikipata doa la mafuta, futa, pasha tena. Ikiwa doa halikomi baada ya kurudia mara kadhaa, simama hapo, hakuna gundi itakayokuokoa.

Paka praima ya mtengenezaji yuleyule wa poliurethani, nyembamba. Lebo itakupa muda wa chini na wa juu wa kusubiri kabla ya kumimina. Ukipitisha ule wa juu, kwaruza na upake upya.

Hesabu ya kiasi: 140 × 60 × 9 ni sentimita za ujazo 75.6. Lakini rola ni duara, na majimaji hutulia usawa. Kwenye upana wa 60 mm wa rola ya kipenyo cha 250, mgongo unapanda 3.6 mm juu ya kingo. Ukimimina hadi kwenye kingo tu, katikati patakuwa na bonde. Kwa hiyo jenga kuta za mkanda wa plastiki kuzunguka shimo, ujaze hadi 2 mm juu ya mgongo. Nyongeza hiyo ni kama sentimita 27 za ujazo. Jumla 103, zidisha kwa 1.1, ambayo ndiyo uzito wa kawaida wa poliurethani hizi, unapata gramu 113. Changanya 130, maana nyingine hubaki kwenye kikombe. Usije ukaugeuza ule urefu wa 140 ukazunguka rola: hapo mgongo unapanda zaidi ya 21 mm na kumimina hakuwezekani tena, utahitaji aina ya uji mzito wa kupaka kwa mwiko.

Pima kwa mizani. Uwiano wa uzito na uwiano wa ujazo si kitu kimoja, na mikebe mingine huandika vyote viwili. Koroga taratibu dakika mbili, ukikwangua ubavu na kitako, kisha hamishia kwenye kikombe cha pili kisafi ukoroge tena. Ile inayobaki imeganda kitakoni mwa kikombe cha kwanza haikuchanganyika, na ndiyo inayoacha madoa laini yasiyokauka kamwe. Unyevu ni adui: kigumishi kina kemikali ya aisosianeti, ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi, na kiraka kinakuwa kama maandazi. Usimimine ikiwa joto la chuma halijazidi kwa nyuzi 3 lile ambalo umande huanza kutua.

Aisosianeti huathiri mapafu, na mtu akishapata mzio wake, hata kiasi kidogo baadaye humsumbua. Glavu za nitrili, barakoa yenye chujio la mvuke, mlango wazi.

Acha saa 24 kwenye joto la nyuzi 23 hivi kabla ya kusaga. Nguvu kamili inaweza kuchukua hadi siku 7. Punguza kwa msasa wa 60, malizia kwa 100, ukipima kwa rula ya chuma na geji ya saa (kipimo chenye mshale kinachoonyesha kuyumba kwa uso).

JikoLaMvuke

Hatua za Mizani_01 ni safi, lakini kuna jambo amelipita. Rola hii inarushiwa alkali ya moto. Poliurethani ya aina ya poliesta huvumilia mafuta vizuri, ila maji ya moto na alkali huivunja taratibu hadi inanata. Ile ya polietha huvumilia maji, lakini mafuta huivimbisha zaidi. Kwa hiyo uliza muuzaji ni aina gani kabla ya kufungua pochi. Kwa mkato ulio katikati, mbali na upande unaorushiwa maji, ningechagua poliesta na nisiitegemee kwa miaka.

Kiraka cha kudumu kwenye nitrili ni nitrili: mpira mbichi wa aina ileile, ukipikwa mahali pake. Shimo linaandaliwa vilevile. Unapaka gundi iliyotokana na mpira huohuo, tabaka mbili. La kwanza likauke kabisa. La pili liguse kwa mgongo wa kidole: linanata kidogo lakini halivutiki kama uzi. Unajaza karatasi za mpira mbichi moja moja, ukikandamiza kwa kigurudumu cha mkono kuanzia katikati kwenda nje ili hewa itoke. Zidisha 1 hadi 2 mm juu. Kisha bamba la joto lililopindwa kufuata duara la rola, mikanda ya kukaza, na joto la nyuzi 140 hadi 150.

Muda wa kupika ufuate karatasi ya mchanganyiko wenyewe. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba kila nyuzi 10 zikishuka, muda hukaribia mara mbili. Na hapo ndipo rola inapotofautiana na tairi: moto unatoka juu tu, na bomba la chuma chini linaunyonya. Juu pataonekana pameiva, chini pabichi. Weka waya wa kupimia joto kwenye ukuta wa shimo chini kabisa, na uanze kuhesabu dakika pale waya huo unapofikia joto, si pale bamba linapofikia. Usifungue mikanda kabla haijapoa chini ya nyuzi 80. Ukifungua mapema, mvuke uliofungiwa huvimbisha kiraka.

Onyo moja ambalo si la mzaha. Bomba la rola likiwa limezibwa pande zote mbili, na kukawa na maji ndani kupitia ufa wa kulehemu, ukilipasha moto linakuwa bomu. Tafuta tundu la kupumulia, hakikisha liko wazi. Usipoliona, usipashe. Vilevile usilehemu shingo ya shafti mpira ukiwa bado juu.

Shafti_Mbili

Asanteni sana. Nimepima.

Ugumu: 81, 82, 84, 82, 83. Kipande kilicholala kwenye mafuta hakikubadilika kwa venia. Kwa kugonga, mlio mzito upande wa mota unafika 90 mm ndani sehemu moja, ingawa bisibisi ilikuwa inaingia 30 tu. Nikiunyanyua mpira naona kutu ya kahawia chini. Kuzunguka mkato mlio ni mzuri. Bati pana kabisa ni 1,250 mm, linapita katikati ya rola. Tundu la kupumulia silioni.

MsasaNamba40

Basi jibu limejitokeza lenyewe. Kutoka 70 hadi 82 maana yake mafuta yamenyonya vilainishi vilivyokuwa ndani ya mpira na joto limemaliza kazi. Hizo nyufa za nywele ni dalili ya ugonjwa huo, kwa hiyo usihangaike kuziziba. Mpira wa 82 hushika bati vibaya, huteleza, na kuteleza kunaleta joto zaidi. Rola hii ni ya kuvishwa upya. Kiraka ni cha kuvukia tu.

Kutu inakuambia sababu ya ukingo: alkali imeingia kwenye mwisho wa mpira na kutembea juu ya chuma. Huwezi kuingiza gundi humo. Kutu haiwezi kukwaruzwa bila kuufunua mpira, na gundi juu ya kutu inashika kutu, haishiki chuma.

Hesabu: uso 1,600, bati 1,250, kila upande una 175 mm zisizotumika. Kata mpira uliokufa hadi 110 mm kutoka ukingoni, yaani 20 mm kupita mpaka wa mlio mzito. Kwenye mashine ya kukereza ni bora, lakini kisu na mkanda wa kuongoza vinatosha. Kata mzunguko mzima, si robo tu, ili rola isiwe na uzito upande mmoja. Mkato uteremke kwa nyuzi 45 kuelekea nje. Gonga tena mpira uliobaki. Safisha chuma kilichobaki wazi, kipake rangi ya epoksi, upandishe rangi hiyo 10 mm juu ya mteremko wa mpira. Utabaki na 65 mm za akiba kabla ya bati. Bati likiyumba zaidi ya hapo, linyooshe kwanza.

Mkato: poliurethani, kwa kuwa tundu la kupumulia halionekani na kupasha moto wa kupika hakufai. Nyuzi 60 za kutoa jasho la mafuta zinavumilika, ila elekeza hewa kwenye mpira, usipashe bomba. Chagua ya Shore A 80, si 70. Kiraka kifuate majirani zake wa leo. Kikiwa laini kuliko wao, bati litabonyea hapo kila mzunguko na kingo zake zitachanika upya.

Mizani_01

Naongeza: siku ya kwanza punguza mkazo wa bati na usimamishe baada ya saa moja, upapase kiraka kwa mkono, laini yenyewe ikiwa imefungiwa umeme. Kikiwa na joto kuliko mpira ulio kando, kimebaki juu mno, kisage tena kidogo.

JikoLaMvuke

Kwa kuivisha upya, usipeleke rola na kusema "weka mpira". Andika haya kwenye agizo.

Kipenyo cha kumalizia, ugumu na nafasi ya kupotoka kwake, kwa mfano Shore A 70, juu au chini 5. Taja mafuta yenyewe na alkali yenyewe, pamoja na joto lake. Ukisema "mafuta" tu, mchanganyaji atakisia.

Chuma kipigwe mchanga hadi kiwe cheupe na chenye ukwaruzo, kipakwe praima na gundi ndani ya saa chache kabla kutu haijarudi. Omba tabaka la chini la mpira mgumu wa eboniti, 2 hadi 3 mm, kisha nitrili juu yake. Eboniti ina salfa nyingi, inashika chuma sana na haipitishi maji kirahisi, na tatizo lenu lilianzia hapohapo. Ncha za bomba zifunikwe kwa mpira pia, usiishie pembeni ukaacha mstari wa chuma na mpira ukitazama alkali. Kingo zipunguzwe kwa mteremko wa 3 hadi 5 mm.

Waambie kuhusu tundu la kupumulia kabla rola haijaingia kwenye jiko la mvuke. Mle ndani joto ni nyuzi 144 kwenye mvuke wa shinikizo la bari 4, ukihesabu na la hewa ya kawaida. Kama kuna maji yamejificha bombani, ndipo yatakapojionyesha.

Wavike mpira uzidi kipenyo kwa 6 hadi 10 mm, wapike, wausubiri upoe ukiwa bado kwenye shinikizo, ndipo wasage. Kipimo cha mwisho kichukuliwe kesho yake, si jiwe la kusagia likiwa limetoka tu. Mpira hupanuka kwa joto mara nyingi kuliko chuma, na kwa kuwa umefungwa kwenye bomba, upanuzi wote unaelekea nje. Rola iliyopimwa ikiwa ya moto hupoa ikawa ndogo kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya milimita. Dai mzunguko usiyumbe zaidi ya 0.05 mm kwa geji ya saa, sehemu tatu: ncha mbili na katikati.

Ikirudi, itundike kwenye shingo zake, ifunge plastiki nyeusi, na usiihifadhi karibu na mota za umeme au mashine ya kulehemu. Cheche hutengeneza ozoni, nayo huchana nitrili hata ikiwa haifanyi kazi.

Shafti_Mbili

Nimeelewa. Tunakata ukingo leo, kesho kumimina, na agizo la kuvisha naliandika kwa maneno hayo. Swali dogo: ule mpira wa 110 mm ninaoukata, una kazi?

MsasaNamba40

Hifadhi kipande. Mpelekee mvishaji pamoja na chupa ya mafuta yenu na ya alkali, avijaribu kwenye mpira wake mpya kabla hajaanza.